Binti Yangu Kuitwa Hela

Binti yangu alinipigia simu Jumapili mchana, mimi na mke wangu tukiwa ndiyo kwanza tumerudi kanisani, akaniambia kuwa yule kijana aliyekuja naye Krismasi ameomba kumuoa na yeye amekubali. Nilifurahi. Nalisema hilo mapema kwa sababu wapo Watanzania hapa Texas wanaosimulia kuwa nilikasirika tangu siku ya kwanza kwa kuwa kijana ni Mzungu. Ni uongo. Kijana nilimpenda. Ni mhandisi kama binti yangu, wanafanya kazi pamoja Fort Worth, na alipokuja kwetu Pearland, pembeni mwa Houston, aliosha vyombo bila kuombwa na mtu.

Kilichonikasirisha ni jina.

Mpaka siku ile nilimjua kwa jina lake la kwanza tu. Nikamuuliza binti yangu ukoo wao unaitwaje, maana nilijua dada yangu wa Korogwe nikimpigia ataanza na swali hilo. Akalitaja.

"Hela?" nikauliza.

"Heller, Baba. Ni la Kijerumani. Mababu zake walikuja Texas zamani sana."

Mke wangu alikuwa anasikiliza kwenye spika. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Mwanangu anaolewa na Hela," akasema, na binti naye akaanza kucheka huko aliko. Mimi nilimpa hongera, nikamwachia mama yake simu, nikatoka nje kwenda kukata majani yaliyokuwa yamekatwa juzi yake.

Nimekulia Lushoto, katika nyumba ambayo neno hela lilikuwa marufuku. Bibi yangu, mama mzazi wa baba, ndiye aliyelipiga marufuku. Ulikuwa huru kusema pesa, senti, shilingi, chochote. Ukisema hela alikuonyesha mlango. "Toka, ukaliseme huko nje," alikuwa anasema, na hakuwa anatania, kwa sababu nimewahi kutolewa nje wakati mvua inanyesha, sahani yangu ya makande ikabaki ndani. Baba yangu, mtu mzima mwenye kazi yake na watoto wake, alikuwa akimwomba mama yake radhi kila neno hilo lilipomponyoka.

Sababu alitueleza mwenyewe. Alipokuwa mtoto, Mjerumani alitaka kila mwenye nyumba alipe kodi, na kodi ilipwe kwa sarafu yake. Baba yake bibi alikuwa na mbuzi, alikuwa na mahindi, alikuwa na migomba inayozaa. Alimpelekea akida mbuzi. Akida akamwambia serikali haili mbuzi, inataka hela. Hela ilipatikana mahali pamoja tu, kwenye mashamba ya Wajerumani, kwa hiyo akaenda kukata mkonge bondeni, akapewa kipande cha kuandikiwa siku zake za kazi. Mnyapara akiamka vibaya haandiki. Siku ambazo hazikuandikwa zilihesabiwa kuwa uvivu, na uvivu ulikuwa na dawa yake. Siku moja walimrudisha kijijini, wakamlaza kifudifudi mbele ya watu, wakampiga hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Bibi alikuwepo. Alisema hakuna aliyemziba macho. Alisema aliyekuwa anahesabu viboko alihesabu kwa sauti, na baada ya kumaliza akasema, "Hela, kesho."

Basi ndilo hilo neno. Watanzania tunalitumia asubuhi mpaka jioni. Mwenzangu wa kazini kwenye maabara, Mkenya wa Mombasa, huwa ananiambia, "Hela ni ya nyinyi Wabongo, sisi kwetu ni pesa ama doo." Na yuko sawa. Wao Mjerumani hakuwafikia. Sisi alitufikia, akaondoka, neno likabaki mdomoni mwetu kama vile tumelizaa wenyewe.

Habari ya jina ilisambaa haraka kuliko habari ya uchumba. Dada yangu aliniuliza mara tatu kama ninamtania, kisha nikamsikia anawaambia watu wa ndani, na nyumba nzima kule Korogwe ikalipuka. Hapa Houston ilikuwa mbaya zaidi. Mtu niliyefahamiana naye miaka mingi alinishika bega nje ya kanisa akasema, "Mzee, hongera, umeoza binti kwa Hela mwenyewe, sasa utatukumbuka." Mwingine akaniuliza kama binti ana mdogo wake. Kila mmoja alidhani ndiye wa kwanza kuufikiria huo utani. Nilikuwa naitikia kwa kichwa tu, meno nimeyabana.

Kisha tukaalikwa Katy, nyumbani kwa wazazi wa kijana. Baba yake ni mstaafu, mtu mrefu mwenye sauti ya polepole, na alikuwa ameamka alfajiri kubanika kidari cha ng'ombe kwa moshi kwa ajili yetu. Walitupokea vizuri sana. Mke wangu, ambaye hajui kukaa na jambo, alimuuliza kabla hata hatujamaliza kula: jina lenu maana yake nini?

"Inategemea unamuuliza nani," mzee alisema. "Marehemu mama yangu alishikilia kwamba maana yake ni mtu wa nuru, mtu mwangavu. Alipenda hivyo. Lakini mjomba wangu aliyefuatilia mambo haya alisema ni sarafu. Kuna mji kule Ujerumani unaitwa Hall. Walikuwa wakigonga sarafu ndogo, ndogo kuliko zote, ikaitwa kwa jina la mji. Fukara asiye na thamani zaidi ya sarafu ile wakambandika jina hilo. Au aliyelipia shamba lake sarafu moja. Au mtu aliyetoka tu katika mji huo. Kwa hiyo ama sisi ni watu wa nuru, ama ni watu wa bure kabisa."

Tulicheka wote, na mimi nilicheka. Nilimheshimu kwa kujicheka mwenyewe.

Ndipo mke wangu akamwambia kuwa kwetu hela ni fedha.

Mzee alipiga meza kwa kiganja. "Unasema kweli? Lilifikaje huko?"

Mke wangu akanitazama. Nikasema, "Lilikuja na Wajerumani walipotutawala."

Alifikiri kidogo, uso ukamchangamka. "Kwa hiyo watu wetu waliwaachia fedha," akasema. "Kuna neno lingine tuliloacha?"

"Shule," nikajibu.

Akamgeukia mkewe. "Fedha na shule. Si haba." Akachukua simu hapo hapo akampigia kaka yake, akamsimulia, wakacheka. Uso wake haukuwa na ubaya hata chembe. Hilo ndilo lililonichoma. Mtu mwenye nia mbaya unajua la kumjibu. Huyu alikuwa ananiongezea nyama kwenye sahani.

Njia nzima ya kurudi Pearland nilipiga kelele ndani ya gari. Tulikuwa kwenye foleni, magari yamesimama pande zote, na mwanamke wa gari la pembeni alipandisha kioo chake.

"Kwa nini hukumwambia pale pale?" mke wangu akauliza.

"Ningemwambia nini? Nimeshika chakula chake mkononi."

"Basi usinipigie mimi kelele. Mimi si Mjerumani."

Wiki hiyo nilizungumza na binti yangu. Nilimkumbusha habari ya bibi, ambayo alikuwa ameisikia tangu mdogo, na nikamwomba abaki na jina letu atakapoolewa. Nilimwambia wanawake wengi siku hizi hawabadilishi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sijaamua, Baba," alisema. "Bado nafikiria kama nitalibadilisha au la. Lakini huyu siye yule aliyempiga baba yake bibi. Hawa walikuwa Texas kabla Mjerumani yeyote hajatutawala. Nimemuuliza."

"Najua. Jina ni lile lile."

"Jina halijampiga mtu," akasema.

Nikakata simu, na hasira yangu ikaongezeka.

Tukaanza maandalizi ya send-off, sherehe yetu ya kumuaga binti. Kamati iliundwa, sare za kitenge zikachaguliwa, ukumbi ukapatikana Haltom City, karibu na wanakoishi rafiki zake binti. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, mtu wa rika langu, mtu wa kwetu Tanga, nikamwambia nina ombi moja. Chakula mpangeni mnavyotaka, muziki mnavyotaka. Utani wa jina nisiusikie. Nilimweleza na sababu, viboko na yote. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nimekuelewa, kaka. Hilo niachie mimi."

Siku ilipofika, ukumbi ulijaa. Watu walitoka Houston, Dallas, wengine mpaka Oklahoma. Familia ya kijana walikaa meza za mbele, wamevaa vitenge walivyoshonewa, wanatabasamu kwa kila kitu. Ndafu, mbuzi mzima aliyebanikwa, ilikuwa imelala juu ya meza na kachumbari mdomoni. Binti yangu aliingia akicheza na wenzake, na niliona jinsi anavyofanana na bibi kwenye paji la uso, nikaanza kulainika.

MC akachukua kipaza sauti. Alikuwa kijana wa Dallas anayesifiwa kwa uchangamfu.

"Mabibi na mabwana, wazazi wengine wanatafuta hela maisha yao yote," akasema. "Huyu mzee wetu, hela imemfuata mpaka mlangoni, tena imevaa suti!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nilimtafuta mwenyekiti kwa macho. Alikuwa anacheka huku amefunika mdomo.

"Nikisema hela, mnasema ipo," MC akaendelea. "Hela!"

"Ipo!"

"Hela!"

"Ipo!"

Vigelegele vikapanda. Watu wakatoka kwenda kumtunza binti yangu, wakimbandika dola kwenye paji la uso, kwenye mabega, huku wanaitikia. Dada wa mke wangu. Wazee wa kanisa. Baba wa kijana alisimama kwenye meza yake, anazungusha kitambaa cha mkono hewani, anapaza sauti pamoja na wengine, "Ipo! Ipo!", kwa sababu alisikia jina la ukoo wake likiimbwa na akadhani anaheshimiwa. Kusema kweli alikuwa anaheshimiwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sherehe yetu.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka kipaza sauti kikiwa mkononi mwangu na MC akirudi nyuma.

Nilisema hivi, kwa Kiswahili: "Bibi yangu alikuwa mtoto wa kufika hapa kiunoni alipoona baba yake analazwa chini mbele ya kijiji na kupigwa hamsa ishirini kwa sababu hakuwa na hela. Mbuzi alikuwa nao. Mahindi alikuwa nayo. Hela hakuwa nayo, kwa sababu hela ilikuwa ya Mjerumani peke yake. Nilimwomba mwenyekiti jambo moja tu. Moja. Nanyi mmelipigia vigelegele hilo neno juu ya kichwa cha mtoto wangu kama wimbo wa mpira. Karibuni chakula."

Nikaweka kipaza sauti mezani. Kilitoa mlio mkali, kisha kukawa kimya. Watu wetu waliangalia sahani ambazo bado hazikuwa na kitu. Na katika kimya hicho baba wa kijana, aliyeona mkwe mwenzake amesema maneno machache kwa hisia kubwa, akaanza kupiga makofi. Mkewe akafuata. Meza zao zote tatu zikapiga makofi.

Binti yangu alitoka nje. Nilimfuata mpaka kwenye maegesho. Dola mbili zilikuwa bado zimemganda shingoni kwa jasho.

"Umeniaibisha," akasema. Alisema kwa Kiswahili, yeye ambaye tangu darasa la pili hunijibu kwa Kiingereza.

"Wameniaibisha wao."

"Wamecheka kwa sababu wananifurahia."

"Wamecheka kwa sababu hawajui."

"Sasa wanajua. Umefurahi?"

"Hapana," nikasema, na ilikuwa kweli.

Alizibandua zile dola, akazikunja, akazishika. "Nilikuwa sijaamua, Baba. Ulijua sijaamua. Sasa nimeamua. Nitaitwa kama mume wangu. Na ukitaka usije kanisani, usije." Akarudi ndani, na muda si mrefu nikasikia muziki umewashwa tena. Mimi nilikaa kwenye gari mpaka mke wangu alipokuja na chakula kwenye foili. Tulipofika Pearland alisema maneno machache, na si ya kuandikwa.

Watu waliniambia baadaye niombe radhi. Mchungaji aliniambia, dada yangu aliniambia, MC mwenyewe alinipigia, sauti imemnywea, akasema mzee hakujua. Huyo kijana nilimsamehe, maana ni kweli hakuambiwa. Mwenyekiti sijaongea naye. Tukikutana ananisalimia, ninaitikia, basi. Yeye aliambiwa.

Majuma kadhaa kabla ya harusi, baba wa kijana aliendesha gari kutoka Katy mpaka kwetu, peke yake. Mwanawe alikuwa amemweleza niliyoyasema, kama binti yangu alivyomtafsiria. Alikaa kwenye kochi na kofia yake magotini.

"Nilipiga makofi," akasema.

"Ulipiga."

"Nimelifikiria hilo kila siku." Akazungusha kofia. "Watu wangu waliondoka kule kwa njaa. Hawakuwa na kitu. Hakuna hata mmoja wao aliyefika Afrika."

"Najua," nikamwambia. "Sijasema babu yako alishika kiboko. Na usinishindanishe kwa umaskini. Babu yako alikimbia njaa akapewa shamba Texas. Babu yangu alikuwa na shamba lake, wakamtoa humo akatafute sarafu."

Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Mke wangu alileta chai akairudisha jikoni, kisha akaona haya akaileta tena.

"Unataka nifanye nini?" mzee akauliza. Hakuuliza kwa kiburi.

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Kwa miezi nilikuwa nagombana naye kichwani mwangu, nikiendesha gari, nikioga, na katika magomvi hayo hakuwahi kuuliza. Nikasema jambo lililokuwa karibu. "Usiseme tena kwamba mlituachia fedha. Kwa kaka yako, kwa majirani, kwa wajukuu. Wakikuuliza maana ya jina lako, wape ya mama yako, wape ya mjomba wako. Na ukitaja Afrika, utaje na viboko."

Alitikisa kichwa kukubali. Kisha akaniuliza baba yake bibi aliitwa nani. Nikamwambia. Alijaribu kulitamka, akakosea. Akajaribu tena, akakosea tena, na mara hii sikumsahihisha, nilikuwa nimechoka. Alikunywa chai yake, akaondoka kabla foleni ya jioni haijaanza. Siwezi kusema tulipatana. Lakini nilisikia kutoka kwa mke wangu kwamba kaka wa huyo mzee alipofika kwenye harusi na kuanzisha utani ule wa fedha, mzee alimkatiza.

Kanisani nilikwenda. Nilimshika binti yangu mkono, tukatembea naye mpaka mbele. Wimbo ulioimbwa ninaufahamu tangu utotoni, maana Ulutheri nao walituletea Wajerumani, na nimeimba tenzi hizo maisha yangu yote bila mtu kunilazimisha. Niliimba. Mchungaji alipowageuza maharusi kutukabili na kuwatangaza bwana na bibi, akataja lile jina, kanisa zima likasimama kwa makofi. Nilisimama. Mikono yangu ilibaki mfukoni, na mke wangu akanikanyaga kidole cha mguu kwa kisigino.

Ni mwaka na zaidi sasa. Mwezi uliopita mume wake alikuwa safarini kikazi, binti yangu akaja kwetu, nikampeleka kliniki ya wajawazito. Tulikaa tukitazama televisheni isiyo na sauti. Nesi akafungua mlango akaita lile jina. Nilitazama huku na huku kuona ni nani anayeitwa. Binti yangu alikuwa amekwisha simama, anachukua mkoba wake.

Tulipokuwa kwenye lifti tunashuka, akaniuliza, "Baba, bado una hasira?"

"Ninayo."

"Na mimi?"

"Na wewe kidogo."

"Na huyu?" Aliweka mkono tumboni.

"Huyu hajanikosea kitu."

Alitazama namba za lifti zikishuka. "Haya," akasema. "Nina njaa. Kuna sehemu wanauza samaki, si mbali. Wewe ndiye utalipa."

Nikamfungulia mlango wa gari, tukaenda kula.